Mshipa wa Mita Moja

Jamani, ukifika Michenga ukauliza nyumba ya mwalimu Faustini utaambiwa hakuna mwalimu wa jina hilo, mpaka useme yule wa baiolojia, ndipo mtu atacheka kwanza, atafuta machozi, halafu atakwambia aah, Mita Moja, nyumba yake ile pale nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Mita Moja ndiye mimi. Si mrefu, wala sijawahi kuuza vitambaa. Aibu iliyonipa jina hilo niliipika mwenyewe, nikaitia chumvi mwenyewe, nikaipakua mwenyewe mbele ya wazazi wa shule nzima, tena kwa kipaza sauti tulichoazima kwa kwaya, na hata nyie mngekuwepo mngecheka, kwa hiyo chekeni tu, mimi nimeshazoea.

Yote yalitokana na maneno mawili. Si kwamba niliyasema. Niliyaacha.

Ilianza kwenye kikao cha wazazi, pale Mama Zuwena, anayeuza samaki wa kukaanga sokoni na ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo, aliposimama akasema watoto wake wanarudi nyumbani na madaftari yamejaa Kiingereza, akiwauliza wamejifunza nini wanamjibu kwa Kiingereza hicho hicho, sasa yeye hajui kama anasomeshewa watoto au anatukaniwa nyumbani kwake. Watu wakapiga makofi. Mkuu wa shule, kwa kutaka kikao kiishe, akaahidi kwamba siku ya wazazi mwalimu mmoja wa sayansi atafundisha kipindi kifupi kwa Kiswahili, wazazi wasikie kwa masikio yao. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa kwangu. (Mnaona? Hakuna aliyenisukuma.)

Sasa lazima niwaambie kile kiherehere kilitoka wapi. Mwenyekiti wa bodi ya shule yetu alikuwa Mzee Severini, mkulima wa mpunga, familia yao walishuka bondeni kutoka upande wa Mahenge zamani, mzee mkimya, mnyoofu, anaimba besi kanisani, na akikuitikia shikamoo unajisikia kama umekaguliwa kucha. Na huyo Mzee Severini alikuwa baba yake Anjela. Anjela ni fundi cherehani mjini Ifakara, na mimi na yeye tulikuwa tumeshakubaliana yetu, ilibaki tu baba yangu mdogo aende kwao kama mshenga kupeleka posa. Mzee hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuwa amemwambia binti yake neno moja tu, kwamba walimu wa siku hizi wanaongea sana. Basi mimi nikaona hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha kwamba ni kweli naongea sana, ila naongea vya maana.

Mada niliyochagua ilikuwa ile niliyokuwa nafundisha wiki hiyo, tofauti kati ya seli za misuli na seli za neva. Nikachana mifuko miwili ya sandarusi, nikachora kwa kalamu nene. Seli ya msuli nikaichora ndefu, ina mistari mistari, imelala na wenzake kama kamba kwenye fungu. Ile ya neva nikaichora kama mche wa mpunga uliong'olewa kitaluni, kichwani matawi matawi, halafu mkia mrefu kweli kweli. Ilipendeza. Madam Rehema, mwalimu wa Kiswahili, tunakaa naye meza moja ofisini, akaitazama akasifu, akaniuliza wazazi utawaambiaje hiyo. Nikamwambia mimi situmii neva, neva ni Kiingereza kilichovaa kanga, nitasema mshipa wa fahamu, Kiswahili safi kabisa, hata kamusi inaniunga mkono.

Madam Rehema akaweka kikombe chake chini. "Faustini, sema neva. Na kama umeshikilia hilo lako, basi lisemwe lote, usiache hata kipande."

Nikamwambia sawa, madam. Lakini jaribuni nyie wenyewe kusema "seli za mishipa ya fahamu" haraka haraka mara nyingi mbele ya watu wenye njaa, muone ulimi unavyokwama. Wakati wa kufanya mazoezi peke yangu darasani nikaona sentensi zinakuwa ndefu, somo linapoa, nikasema moyoni aah, wakishasikia mara ya kwanza si wataelewa, baada ya hapo nitasema mshipa tu. Hapo ndipo nilipoyaacha yale maneno mawili. Nikabaki na mshipa, fahamu nikaiweka pembeni.

Msiniulize kama nilikuwa sijui. Nimezaliwa Kiberege, nimekulia kwenye bonde hili hili, najua kama mnavyojua nyie kwamba mtu akisema fulani ana mshipa hamaanishi fulani ana akili. Anamaanisha ule ugonjwa wa wanaume, wa kuvimba huko chini, ambao jina lake la wazi ni busha na jina lake la heshima ndiyo hilo. Na msuli pia nilikuwa najua, nani asiyejua msuli, ile nguo mzee anayojifunga kiunoni akiwa nyumbani. Yote nilikuwa nayajua. Ila mtu akishika kipaza sauti kuna mlango fulani kichwani unajifunga, na wa kwangu huwa unajifunga kwa kufuli.

Siku yenyewe ikafika, wazazi wamejaa chini ya turubai, meza kuu imetandikwa kitambaa cheupe na soda juu yake, Mzee Severini amekaa katikati na koti lake refu na suruali yake pana ya kijivu. (Ile suruali ikumbukeni.) Nikasalimia, nikatundika sandarusi zangu, nikaanza. Mwanzoni, namshukuru Mungu, nilisema vizuri, nikasema mshipa wa fahamu kamili. Lakini wakati huo huo spika ilikuwa inapiga mluzi, kwa hiyo walichosikia watu ni mshipa, halafu mluzi.

Nikaanza na msuli. Nikawaambia seli ya msuli kazi yake ni moja, kujikunja na kujikunjua, ndiyo inayokufanya unyanyue jembe, ndiyo inayokufanya utembee. Msuli ukifanya kazi sana unachoka, ukiupumzisha unarudi, na ukichanika kidogo una uwezo wa kujirekebisha wenyewe. Mama Zuwena akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wa Baba Zuwena ukichanika mbona anaushona yeye. Watu wakacheka. Mimi nikafurahi, nikasema kimoyomoyo ndiyo ushirikishwaji huu tuliofundishwa chuoni.

Nikahamia kwenye mshipa. Nikasema mshipa, tofauti na msuli, haujikunji wala haubebi kitu, kazi yake ni kupeleka habari, na mshipa ukishaharibika kupona kwake ni shida, kwa hiyo tuutunze. Nikaona wazee wote wa benchi la mbele wanatazama chini kwenye vumbi, hakuna anayemtazama mwenzake. Nikasema hawa wamezama kwenye somo. Nikaendelea, nikawaambia sasa nawapa kitu ambacho hamtaamini: mshipa mmoja, mmoja tu, unaanzia kiunoni unashuka na mguu mpaka kwenye kidole, na unaweza kufika urefu wa mita moja.

Turubai zima likanyamaza. Halafu mwanaume mmoja nyuma kabisa akasema, taratibu, kama mtu anayepima mwenyewe, "Mita."

Hapo ningeishia ningekuwa mwalimu aliyechekwa siku moja, watu wakala pilau wakasahau. Lakini mimi nilikuwa na zawadi yangu nimemwandalia baba mkwe. Nilitaka kuonyesha lile jaribio la goti, mtu anakaa juu ya meza miguu inaning'inia, unamgonga kidogo chini ya goti, mguu unaruka wenyewe bila yeye kutaka. Na nikataka anayeruka mguu awe Mzee Severini, watu waone mwenyekiti wao alivyo imara, na yeye aone ninavyomheshimu. Nikamwita. Akatikisa kichwa. Nikamwita tena. Akatikisa kichwa tena, akaweka mikono magotini. Mtu mwenye fahamu zake angeishia hapo, lakini fahamu si nilishaiweka pembeni tangu mazoezini, nikasema kwa kipaza sauti:

"Baba, usiogope. Mshipa wako mimi naujua vizuri. Njoo tuwaonyeshe wenzako."

Akanitazama. Mpaka leo yale macho nayaona. Lakini watu wote wamegeuka, mwenyekiti atakataaje mbele ya shule yake, akainuka polepole, akasaidiwa kupanda juu ya meza ndogo niliyoiandaa pale mbele, akakaa kwa kujipanga sana, akalivuta lile koti mbele. Nikachukua dasta ya ubao, nikamgonga chini ya goti. Jamani, ulikuwa mguu mzima ule. Ukaruka, kiatu kikatoka, kikapita hewani kikaenda kutua meza kuu katikati ya soda. Watu wakalipuka. Na mimi, badala ya kwenda kuokota kiatu cha mkwe, nikapandisha sauti juu ya vicheko, nikasema mmeona wenyewe, msuli wa mzee umejikunja, yeye hajaugusa, mimi sijaugusa, ni mshipa wake ndio umeuamuru. Kuna mama alilala juu ya bega la jirani yake. Mimi nikadhani ni uzuri wa sayansi.

Mama Zuwena akanyoosha mkono kwa adabu zote. "Mwalimu, samahani. Huo wa mita moja, sasa mzee anakaaje kwenye kiti?"

Na mimi nikajibu. Kuna siku nikikumbuka jibu langu najifunika shuka hata kama kuna joto. Nilimjibu kwamba umepangika vizuri ndani, mama, wala haumsumbui, tena kwa umri wake na kazi za shamba alizofanya, wa mzee umekomaa kabisa. Mkuu wa shule akainuka meza kuu akaenda kusimama nyuma ya vyoo peke yake.

Mzee Severini akashuka mezani. Hakusaidiwa. Akaja na mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi, akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliye kwenye kitubio.

"Nani kakwambia?"

Sauti ilikuwa ya chini kweli. Ila kipaza sauti nilikuwa nimekishika kifuani, hakijazimwa, na kile cha kwaya ni kizuri, kinashika mpaka mtu akimeza mate. Spika zote mbili zikasema, nani kakwambia. Cheko likakatika kama limekatwa kwa panga. Ndipo ule mlango wa kichwani ukafunguka, nikaona kila kitu kwa mpigo mmoja: suruali pana, koti refu wakati wa joto, kwa nini mzee hajawahi kupanda bodaboda hata mvua inyeshe vipi, kwa nini kwenye kwaya husimama nyuma ya kinanda. Mzee alikuwa nao kweli. Watu walikuwa wanacheka utani, hawakuwa wanajua. Sasa walijua, na aliyewathibitishia ni yeye mwenyewe, kwa kipaza sauti changu.

Akachukua kiatu chake kutoka kwenye soda, hakukivaa, akaondoka nacho mkononi. Hakuna aliyemsindikiza. Nilitaka kumfuata lakini miguu ilikataa. (Misuli ilikuwepo, habari ndiyo haikufika. Tofauti yenyewe ndiyo hiyo.)

Jioni Anjela akanipigia simu. Nilitegemea atafoka, hakufoka, alikuwa analia kimya kimya. Akaniambia suruali zote alizowahi kumshonea baba yake, baba amezifunga kwenye mfuko amemrudishia, na ujumbe kwamba atatafuta fundi anayejua kufunga mdomo. Maana watu waliokuwa wanaijua siri ile walikuwa wawili tu, mzee, na mtu anayempimia suruali. Mama yake Anjela alishafariki. Kwa hiyo kwa hesabu ya mzee, nani mwingine angeniambia? Binti amekaa na siri ya baba yake miaka yote, anakata vitambaa kwa upana kimya kimya bila hata kuuliza, halafu anaonekana ameipeleka kwa mchumba kama kitafunio cha chai.

"Fausti, mimi nimewahi kukwambia?"

"Hujawahi."

"Basi nenda kamwambie. Mimi hanisikilizi. Na mpaka anisikilize, usimtume mtu na posa."

Kuhusu posa wala hakuwa na haja ya kunikataza. Baba mdogo, mshenga wangu, alishasikia habari, akasema yeye haendi, akifika ataanzaje, nimetumwa na yule kijana aliyekupima?

Nikaenda mwenyewe. Nikamkuta mzee kibarazani amejifunga msuli, anachambua mbegu za mpunga kwenye ungo. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Nyie mnajua shikamoo isiyoitikiwa ilivyo nzito, unabaki umeishika tu hujui pa kuiweka. Nikaeleza yote nikiwa nimesimama, nikasema Anjela hajawahi kunitamkia hata nusu ya neno, nikaeleza mshipa niliokuwa nausema mimi ni ule wa fahamu, uko kwa kila mtu, ila nilifupisha, niliacha maneno mawili.

"Maneno mawili tu?"

"Mawili tu, Baba."

"Basi kayaokote ulipoyaacha."

Akainuka na ungo wake akaingia ndani. Mtu mwingine angeelewa kwamba hiyo ni namna ya kufukuzwa. Mimi nikaelewa kwamba nimepewa kazi. Jumapili, misa inaisha, nikamwomba katekista dakika moja kwenye matangazo, nikasimama pale mbele, nikasema kwa sauti ya unyenyekevu kwamba ningependa kuweka sawa, siku ile shuleni niliposema mshipa nilikuwa na maana ya mshipa wa fahamu, na kwamba Mzee Severini hana mshipa. Kanisani kulikuwa na watu wa vitongoji vyote. Robo tatu yao hawakuwepo shuleni, hawakuwa wamesikia chochote. Wakageuka wote kutazama kwaya, na Mzee Severini akiwa nyuma ya kinanda akafunga kitabu cha nyimbo. Anjela, aliyekuwa amekuja kutoka mjini siku hiyo apate kusali misa moja na baba yake, akainama mpaka paji la uso likagusa benchi la mbele. Nilirudi kwangu nikipita mashambani ili nisikutane na binadamu.

Basi ikawa hivyo. Wanafunzi nikiingia darasani wanainama chini ya madawati kama wameangusha kalamu wote. Vijana wa bodaboda kwenye kijiwe wakiniona wananiuliza Mita, tukupeleke? Na jina likaota mizizi.

Lakini kuna kitu kingine kikaanza ambacho sikukitegemea. Siku moja nimetoka kipindini nikamkuta mzee mmoja wa ng'ambo ya mfereji ananisubiri, si mbele ya nyumba, nyuma, karibu na jiko, ananiambia mwalimu, nasikia wewe unajua mambo ya mshipa. Nikataka kumwambia unanikosea, mimi najua ule mwingine. Nikamtazama alivyokuwa anakunja kofia yake mikononi. Nikamwambia nipe muda nikuulizie. Nikaenda mjini hospitali, nikauliza kwa aibu zote za dunia, nikaambiwa mbona ni upasuaji wa kawaida tu, wenye nao waje. Nikamsindikiza mwenyewe. Akatoka mzima. Baada yake akaja mwingine, naye kwa njia ya jikoni, halafu mwingine. Walikuwa wamekaa na kitu hicho tangu ujana wao, kila mmoja akidhani yuko peke yake kijijini, na sasa wote wamesikia kuna mwalimu mpumbavu anayelisema neno hilo hadharani bila kukonyeza jicho.

Jumamosi moja asubuhi nafua mashati, nikaona kivuli kimesimama juu ya beseni. Mzee Severini. Nikainuka na povu mikononi, nikasema shikamoo Baba, nikasubiri.

"Marahaba."

Nilitaka kulia hapo hapo. Akatazama pembeni, akaniuliza yule wa ng'ambo ya mfereji ni kweli nilimsindikiza mimi, nikasema ndiyo. Akauliza alilia? Nikasema hakulia. Akatazama mashati yangu kama anayekagua ufuaji, halafu akasema, "Jumatatu nitakwenda. Umetangaza wewe, utakaa na mimi wewe. Anjela asijue mpaka nitoke."

Tukaenda kwa bajaji, taratibu, dereva akikwepa mashimo kama amebeba mayai. Mapokezini muuguzi akaniuliza mgonjwa wetu anasumbuliwa na nini. Jamani, sikuweza. Nilifungua mdomo nikaufunga, nikasema ana ile hali. Hali gani, kaka? Nikasema ile ya, yaani, ile. Mzee akanisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Mshipa," akasema. "Ule wenyewe."

Upasuaji ukaenda salama. Mchana wakamrudisha wodini, nikavuta kigoda nikakaa karibu yake, nikamwona amefumbua macho anatazama dari, jasho linamtoka. Akanishika mkono. Mzee huyu hakuwahi hata kunishika bega.

"Faustini," akasema, na hajawahi kuniita hivyo, siku zote mimi ni mwalimu. "Miguu imekufa. Naiambia isogee, haisogei. Wamenikata kipi hawa?"

Aliogopa kweli. Mtu ameishi kwa miguu yake, amevuka mabwawa ya mpunga miaka yote, sasa anaitazama iko mwisho wa kitanda kama ya mtu mwingine. Na mimi kwenye dunia hii kitu pekee ninachokijua sawasawa kilikuwa ndicho hicho alichoniuliza, nami nilikuwa nakiogopa kuliko nyoka. Nikainama mpaka sikioni kwake.

"Sema taratibu," akaninong'oneza. "Kuna watu."

Nikasema taratibu. Nikamwambia Baba, misuli yako ipo, mizima, haijaguswa, nguvu zako zote zimo humo humo. Lakini msuli hata uwe na nguvu vipi hauna habari zake wenyewe, unasubiri kuambiwa. Anayeuambia ni mshipa wa fahamu, nikalitamka lote, wa, fahamu, kila neno kwa zamu yake. Wenyewe hauna nguvu ya kunyanyua hata punje, kazi yake kupeleka habari tu, toka kichwani ipite mgongoni mpaka kidoleni. Sasa ile sindano ya mgongoni imeilaza mishipa ya fahamu ili usisikie maumivu, kwa hiyo wewe unaagiza lakini agizo halifiki. Dawa ikiisha litafika. Hakuna kilichokufa. Wamelala wapeleka habari, wabebaji wako macho wanasubiri.

Mkono hakuuachia.

"Kwa hiyo yuko anayebeba mzigo, na yuko anayepeleka habari."

"Ndiyo, Baba."

"Na kila mmoja hawezi kazi ya mwenzake."

"Hawezi."

"Na wewe ni wa kupeleka habari."

Sikujua kama ni tusi au la, nikasema ndiyo, Baba, ndivyo nilivyo. Tukakaa. Nilikuwa natazama miguu yake chini ya shuka kama ninavyotazama sufuria ya maziwa, na yeye pia, mpaka kidole gumba cha mguu wa kulia kikatikisika, kidogo tu, halafu tena. Akavuta pumzi ndefu, na mimi nikageuka dirishani, maana macho yangu nayo yalishaanza kupeleka habari.

Muuguzi akaja kumpima presha, akaniona, akamuuliza mzee, huyu ni kijana wako?

"Mkwe wangu," akasema Mzee Severini. "Msimpe kipaza sauti."

Muuguzi akacheka bila kuelewa. Mimi nikabaki na lile neno la kwanza, nikaligeuza geuza kichwani nione kama kuna kipande kimeachwa. Hakikuachwa. Mzee akafumba macho, nikadhani amelala, nikaanza kuinuka nikatafute chai.

"Mpigie Anjela," akasema, bado macho amefumba. "Mwambie aje na futi yake ya kupimia na ule mfuko. Zile suruali azipunguze. Zitakuwa kubwa."

Nikampigia nikiwa koridoni. Nilimwambia maneno hayo hayo, sikuongeza wala sikufupisha, na upande wa pili nilisikia tu cherehani inasimama.

Basi wenzangu, nimejifunza, ingawa jina halifutiki. Darasani sasa nasema mshipa wa fahamu mpaka mwisho hata kengele ikiwa inalia, na wanafunzi wanaitikia "wa fahamu" kwa pamoja kama litania. Siku ya harusi mzee alihutubia yeye, mimi nilipewa sahani, na kipaza sauti kilipokuwa kinapitishwa meza yetu Mama Zuwena alikipokea yeye akakivusha juu ya kichwa changu. Suti yangu alinipima Anjela mwenyewe, akashusha futi toka kiunoni mpaka kifundoni, akasoma, akaanza kutikisika mabega kwa kicheko. Sikumuuliza imesoma ngapi.